Wanaopima Vumbi Lisiloonekana

Mchanga mwekundu wa Maumba na Nguluku, huko Kwale, umechanganyika na punje nzito nyeusi. Kampuni ya Tiomin ya Canada ilizitafiti katika miaka ya 1990, Base Resources ya Australia ikaununua mradi mwaka 2010, na mwishoni mwa 2013 kampuni yake tanzu, Base Titanium, ikaanza kuzalisha. Februari 2014 shehena ya kwanza iliondoka Likoni. Desemba 2024 uchimbaji ukakoma, madini yenye faida yakiwa yamekwisha. Katika miaka hiyo ya katikati, ilmenaiti, rutaili na zikoni za Kwale zilivuka bahari tani kwa tani, na sehemu kubwa yake ikaenda kugeuzwa kuwa unga mweupe wa titani dioksidi, ule unaotia weupe kwenye rangi za ukuta, plastiki, karatasi na dawa ya meno.

Mengi yameandikwa kuhusu mgodi huo: fidia, mrabaha, maji ya mto Mkurumudzi, mashimo yaliyofukiwa. Mimi navutiwa na jambo jingine, dogo kwa maana halisi ya udogo. Punje ya Kwale ina upana unaokaribia sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiivuta kwa bahati mbaya hunaswa puani, ukapenga kamasi, yakaisha. Lakini punje hiyohiyo ikishapitia tindikali au klorini katika viwanda vya ng'ambo hutoka ikiwa imesagika kupita akili. Titani dioksidi ya rangi ya kawaida ina chembe za nanomita 200 hadi 300. Ile inayotengenezwa makusudi kwa ajili ya mafuta ya kukinga jua hushuka hadi makumi machache ya nanomita.

Tupige hesabu kidogo. Chukua punje moja yenye upana wa maikroni 100, uigawe iwe chembe za nanomita 25. Upana umepungua mara 4,000; utapata chembe bilioni 64. Uzito ni uleule, haujaongezeka wala kupungua. Kilichoongezeka ni uso: ukizijumlisha chembe zote, eneo lao la nje ni mara 4,000 ya lile la punje ya kwanza. Na mapafu hukutana na uso wa chembe, hayakutani na uzito wake. Ndiyo sababu panya wa maabara waliovutishwa titani dioksidi ya kawaida walihitaji miligramu 250 katika kila mita ya ujazo ya hewa ili wapate uvimbe wa mapafu, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 1985, ilhali mwaka 1995 watafiti wa Ujerumani waliona uvimbe kwa miligramu zipatazo 10 tu za chembe zile ndogo zaidi. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliiweka titani dioksidi katika kundi la 2B, yaani huenda ikasababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2011 taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ikapendekeza vikomo viwili kwa kitu kimoja: miligramu 2.4 kwa mita ya ujazo kwa chembe za kawaida, 0.3 kwa zile za nano.

Mtalii anayejipaka mafuta ya jua ufukweni Diani si wa kuhurumiwa sana katika habari hii. Ngozi nzima, isiyo na kidonda, huzuia chembe hizo vizuri. Wataalamu wa Ulaya wanaotoa ushauri juu ya vipodozi huwa wakali kwenye vile vya kupuliza, kwa sababu vile huingia hewani. Wa kufikiriwa ni yule aliyekata mdomo wa gunia kiwandani akamimina unga mkavu kwenye pipa. Na mwenye kumfikiria mtu huyo, kwa kazi na kwa mshahara, ni fundi ambaye sijamwona akisifiwa na mtu yeyote. Nitamwita mpima vumbi.

Mpima vumbi hufika kabla ya zamu kuanza. Pampu ndogo hufungwa kiunoni mwa mfanyakazi. Mpira mwembamba hupanda mgongoni, ukavuka bega, na mwisho wake hubanwa kwenye ukosi, si zaidi ya sentimita 30 kutoka pua na mdomo. Mbali zaidi ya hapo ungekuwa unapima hewa ya chumba, si hewa ya mtu. Kwenye ncha kuna kifaa kinachozungusha hewa kwa kasi hadi vumbi kubwa linaanguka chini, ili lile tu linaloweza kufika ndani kabisa ya mapafu ndilo liguse chujio. Kasi ya pampu hupimwa asubuhi, kisha hupimwa tena jioni. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 5, kazi ya kutwa nzima hutupwa, na hakuna kujitetea.

Kuna hatua moja ninayoipenda kuliko zote. Mpimaji hubeba machujio ya ziada ambayo hayafungwi kwenye pampu yoyote. Huyafikisha mahali pa kazi, akayafunua, akayafunika, akayarudisha maabara pamoja na mengine. Yakionekana yameongezeka uzito, ina maana uzito huo umetoka garini, mikononi mwake, au kwenye unyevu wa hewa ya pwani, nao hutolewa kwenye hesabu. Ni fundi anayeanza kwa kujishuku mwenyewe. Pwani yetu ina unyevu wa kuharibu chumvi kwenye kopo. Karatasi ya chujio isiyotulizwa kwanza kwenye chumba chenye joto na unyevu usiobadilika itapimwa maji badala ya vumbi.

Tazama uzito anaoutafuta. Pampu inayovuta lita 2.2 kwa dakika hupitisha hewa ya mita moja ya ujazo hivi kwa saa nane. Kwa hiyo mfanyakazi aliyefikia kikomo cha titani dioksidi ya nano atarudi na chujio lililoongezeka miligramu 0.3 baada ya kutwa nzima. Kwa mirija ya kaboni ya nano, ambayo NIOSH iliiwekea kikomo mwaka 2013, anachotafuta ni maikrogramu moja, na mizani huwa imekwisha kazi. Chujio huchomwa maabara ili kaboni yenyewe ihesabiwe. Mirija hiyo ilitia watu hofu tangu mwaka 2008, watafiti wa Edinburgh na wenzao walipoonyesha kwamba ile mirefu, ikiwekwa ndani ya tumbo la panya, huamsha uvimbe kama ule wa nyuzi za asbesto. Dunia ilichelewa miaka mingi mno kabla ya kukubali kile ambacho asbesto ilikifanya. Nadhani kumbukumbu hiyo ndiyo inayowafanya wapima vumbi wa nano wawe wagumu kuridhika.

Mizani ikishindwa, mpimaji huhesabu. Kuna kifaa cha mkononi kinachopitisha hewa kwenye mvuke wa alkoholi. Mvuke huganda juu ya kila chembe hadi inanenepa na kuonekana na mwanga, nacho huzihesabu mojamoja katika kila sentimita ya ujazo. Kizuri, ila hakijui kinahesabu nini. Kiweke kwenye karakana ya Ukunda asubuhi ya kusi na kitahesabu chumvi ya bahari, moshi wa lori la Lunga Lunga, jiko la mama wa mahamri ng'ambo ya barabara, na jenereta ya jirani. Namba itapanda hadi maelfu kwa maelfu kabla fundi hajawasha hata mashine. Mpimaji asiye na subira ataandika kwamba karakana ni ya hatari. Mwenye ufundi hupima kwanza kazi ikiwa imelala, akaandika. Humwomba mwenye kompresa aizime kidogo, akapima tena. Husogea hatua mbili karibu na meza, kisha hurudi nyuma. Kazi ikianza hupima, akatoa ile namba ya mwanzo, na hata hapo haamini: hukusanya vumbi kwenye chujio lingine alipeleke kwenye hadubini ya elektroni, aone kwa macho kama zilizoongezeka ni chembe za kazi au za mahamri. NIOSH ilichapisha utaratibu wa namna hiyo mwaka 2010. Ukiusoma, unaona umeandikwa na watu waliowahi kudanganywa na jiko la jirani.

Kupima, hata hivyo, ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kulizuia vumbi lisiruke, na hapo ndipo watu wa pwani wangefanana naye zaidi, kwa sababu ni elimu ya upepo na maji.

Maji ni rahisi kueleza. Kule mgodini mchanga uliochimbwa ulisafirishwa ukiwa tope, ukachekechwa kwa maji, na hatua ya kukausha ndiyo iliyokuja mwisho, penye joto, sumaku na umeme wa kutenganisha madini. Tope halipeperuki. Mhandisi anapochagua kufanya kazi na maji mpaka pale asipoweza tena, amewalinda watu bila kuwavisha chochote. Katika kiwanda cha nano ni vivyo hivyo: unga ukichanganywa na kimiminika mapema, hatari imepungua kabla barakoa haijatoka stoo. Sakafu haifagiwi; hupanguswa kwa kitambaa chenye maji au huvutwa na mashine yenye chujio kali. Nguo hazipulizwi kwa mpira wa kompresa. Hilo la mwisho ukiwaambia vijana wa karakana za samani kuanzia Kombani hadi Msambweni watakucheka, kwa kuwa kila magharibi ndivyo wanavyojisafisha kabla ya kupanda matatu.

Upepo ni mgumu zaidi. Kila mkata mawe ya matumbawe kwenye matimbo ya Tiwi au Waa atakwambia ukae upepo ukikupiga mgongoni ili vumbi liende mbele. Inasikika sawa. Lakini mwili ni kizuizi. Upepo ukishauzunguka, hujikunja mbele ya kifua, ukaliinua vumbi na kulirudisha usoni. Wapima vumbi waligundua hilo kwa moshi wa majaribio, wakaanza kuwashauri watu wasimame ubavu kwa upepo. Jambo lilelile linatokea ndani ya maabara. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Lowell walionyesha kwamba kabati la kuvuta hewa, lile linaloaminiwa na kila mwanakemia, linaweza kuutoa nje unga wa nano pale mtu anapoumimina kwa mkono: hewa ikivutwa kwa nguvu mno huzunguka mwili wake na kubeba unga hadi puani. Fundi hodari, basi, haongezi nguvu ya feni kama mtu anayeongeza pilipili. Huitafuta kasi ya kutosha, karibu nusu mita kwa sekunde, halafu humfundisha mtu kumimina polepole, mkono ukiwa ndani, mdomo wa gunia ukiwa chini. Mikono ya anayemimina ni sehemu ya mtambo.

Barakoa ndiyo huja mwisho, na ndiyo watu wanayoidhania kuwa kila kitu. Wengi huamini kwamba chembe ya nano, kwa udogo wake, itapenya kitambaa cha chujio bila shida. Sivyo. Chembe ndogo namna hiyo haiendi moja kwa moja. Hugongwa na molekuli za hewa ikayumba huku na huku, kama mtu aliyenaswa kwenye umati wa feri ya Likoni, na katika kuyumba huko hujikuta imegusa uzi wa chujio na kunasa. Zinazopenya kwa urahisi zaidi ni zile za ukubwa wa kati, kubwa kiasi cha kutoyumba na ndogo kiasi cha kutogonga. Nano zenyewe hukamatwa vizuri. Udhaifu wa barakoa uko pembeni, pale mpira unapokutana na shavu.

Hapo ndipo ufundi unapokutana na watu wenyewe wa Kwale. Mzee wa makamo, ndevu zake za sunna zimetunzwa vizuri, anakaa kwenye kiti cha majaribio. Kijana wa usalama anamwamkia kwanza, "Shikamoo mzee," naye anajibu marahaba. Anavishwa barakoa, kisha kofia kubwa ya plastiki, na ndani yake hupulizwa dawa chungu isiyodhuru. Anapumua, anainama, anageuza shingo, anasoma maneno kwa sauti. Akiusikia uchungu ulimini, barakoa inavuja. Na itavuja, maana hakuna barakoa ya kubana inayoziba juu ya ndevu. Afisa asiye na adabu angemwambia anyoe au aondoke. Mwenye ufundi anajua kuna kofia yenye feni inayosukuma hewa safi usoni bila kubana shavu; ni ghali, lakini ipo, na jukumu la kuinunua ni la mwajiri. Dada aliyevaa hijabu naye hupewa ya ndani iliyo laini, kamba za barakoa zikae pasipoteleza. Majaribio haya ya kuonja hupangwa kabla ya Ramadhani kuandama. Na Machi, joto na jasho vikiwa vimekutana, mpimaji anajua barakoa itateleza baada ya muda mfupi, kwa hiyo hupanga mapumziko kivulini. Huko si kulegeza kanuni. Barakoa inayovuliwa kila mara kwa siri ni mbaya kuliko kazi iliyofupishwa waziwazi.

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2017 kuhusu wafanyakazi na nano inaupa uzito mpangilio huohuo: ondoa hatari, ifungie ndani, ivute kwenye chanzo, na barakoa baadaye. Pia inashauri tahadhari pale ambapo madhara hayajajulikana, yaani kitu kipya kichukuliwe kuwa kikali hadi kithibitike vingine. Sisi huku tunaweza kudhani habari hizi ni za Wajerumani na Wajapani. Lakini Arusha, Dakta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alitengeneza chujio la maji linalotumia nanoteknolojia, na mwaka 2015 likampatia Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi. Kazi ya nano imeshafika Afrika Mashariki, na inafaa mpima vumbi afike nayo pamoja, asifike baada ya miaka thelathini akiwa na jalada la mahakama.

Halafu kuna welda wa Ukunda. Hajasikia neno nano, na chembe zake hazikutengenezwa makusudi na mtu yeyote. Lakini moshi wa kuchomelea chuma hutokana na metali iliyochemka ikawa mvuke, ukapoa ghafla na kuganda katika chembe za makumi ya nanomita zinazoshikamana minyororo. Mapafu hayaulizi chembe ilibuniwa maabara au ilizuka barabarani. Mwaka 2017 IARC iliupandisha moshi huo hadi kundi la 1, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani. Akichomelea mabati yenye zinki, jioni huenda akatetemeka homa, akadhani ni malaria. Maziwa anayokunywa kusafisha kifua yanaenda tumboni, Mungu ayabariki, lakini mapafuni hayafiki.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamtambua welda huyu pia, kwa kuwa inahusu kila mahali pa kazi. Kamati ya usalama, hata hivyo, hutakiwa penye wafanyakazi 20 au zaidi, na karakana nyingi za jua kali zina watu watatu na mwanagenzi. Mgodi uliweza kuajiri wapima vumbi na hata kupima mionzi, kwani zikoni hubeba urani na thori kidogo. Karakana haiwezi. Naamini kaunti ingefanya la maana kumwajiri mpima vumbi mmoja anayezunguka na pikipiki, pampu tano na kisanduku cha machujio, Kinango wiki hii, Lunga Lunga wiki ijayo. Gharama yake haifiki ile ya gari moja la waziri wa kaunti. Huyo angeanza na mambo ya bure: kugeuza meza ya kuchomelea ili mtu akae ubavu kwa upepo, kuisogeza nje ya ukuta wa mabati, kutoa kichwa kwenye njia ya moshi unaopanda.

Na angefungua daftari. Maradhi ya vumbi hukawia. Ndiyo maana Uingereza huagiza kumbukumbu za afya za wanaoshika vitu vya hatari zitunzwe kwa miaka 40. Katika daftari la mpimaji mzuri hakuna namba peke yake. Kuna jina la kazi iliyofanywa, saa iliyoanza na iliyokwisha, aina ya waya wa kuchomelea, barakoa ilikuwa ya aina gani na ilivaliwa kwa muda gani, mlango ulikuwa wazi au umefungwa, upepo ulikuwa kusi au kaskazi, na kama jirani alikuwa amewasha jenereta. Mwanagenzi wa leo mwenye miaka 20 akikohoa akiwa na 60, daktari wa hospitali ya Msambweni atataka kujua hayo yote, na karakana yenyewe itakuwa imegeuzwa duka la simu zamani.